Akiba Iliyo Chini ya Nyumba: Maji ya Visima na Kutitia kwa Ardhi

Maneno ya mazungumzo kwa wakazi wa Mjambere, Kisauni, na kwa kila anywaye maji ya kisima



Mwenye nyumba akitaka kujua nguvu ya nyumba yake hutazama kuta, hutazama paa, na kama ni mtu mwenye busara hutazama na msingi. Ni wachache mno watazamao kilicho chini ya msingi. Na hali katika Mjambere, kama katika sehemu nyingi za bara upande wa kaskazini wa kisiwa cha Mombasa, chini ya msingi kuna kitu ambacho mwenye nyumba hukichota kila siku asubuhi na jioni, kwa ndoo au kwa pampu, wala hajui kwamba kitu hicho nacho kina kazi yake katika kuibeba ardhi. Kitu hicho ni maji.

Mazungumzo haya yahusu jambo moja tu: ya kwamba maji yaliyo chini ya ardhi ni akiba ya watu wote wanaoishi juu yake, na ya kwamba akiba hiyo ikichotwa kupita kiasi kinachorudishwa na mvua, hasara huja kwa hatua. Hatua ya kwanza ni maji kuingia chumvi. Hatua ya mwisho, mahali penye udongo au mwamba wa namna fulani, ni ardhi yenyewe kutitia, yaani kushuka polepole au kubomoka kwa ghafula. Hatua ya kwanza yaweza kurekebishwa kwa subira. Ya mwisho haina dawa.

Kwa nini watu huchimba visima

Kwanza yafaa isemwe wazi kwamba watu wa Mjambere hawachimbi visima kwa ukaidi. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali. Huja kutoka chemchemi za Mzima katika Taita-Taveta, ambazo bomba lake lilimalizika mwaka 1957. Huja kutoka chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba, kutoka visima vya Tiwi, na kutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Maji hayo ni mema, lakini hayatoshi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1989 na zile zilizofuata, idadi ya wakazi iliongezeka kila mara, na hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 1,208,333 katika Kaunti nzima ya Mombasa, na katika hao 291,930 walikuwa wakazi wa Kisauni peke yake.

Mfereji ukikauka siku tatu, mama mwenye watoto hawezi kungojea siku ya nne. Hununua mitungi kwa mchukuzi wa mkokoteni, au huenda kwa jirani mwenye kisima. Naye ajengaye nyumba ya kupangisha huona kwamba mpangaji wa kwanza huuliza habari ya maji kabla ya kuuliza kodi. Basi huchimba kisima, hutia pampu, na hupandisha tangi juu ya paa. Kila mmoja kwa upande wake amefanya jambo la haki. Lakini matendo mengi ya haki yakikusanyika mahali pamoja bila mashauri, huweza kuleta madhara ambayo hakuna hata mmoja aliyeyakusudia.

Jinsi maji yanavyokaa chini

Watu wengi hudhani kwamba chini ya kisima kuna mto upitao gizani, na ya kwamba mto huo hauna mwisho. Sivyo. Sehemu kubwa ya maji ya visima vya Kisauni yamekaa katika mchanga na katika mwamba wa matumbawe. Mwamba huo ulijengwa na viumbe vidogo vya baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Bahari iliposhuka, matumbawe yakabaki nchi kavu, yamejaa vitundu, nyufa na mapango. Mvua inyeshapo, maji hupenya mchanga na nyufa hizo na kujaza nafasi iliyomo. Kisima si mto. Ni tundu lililochimbwa katika ghala hiyo.

Atakaye ushahidi na aende Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza kazi huko mwaka 1954, kikachimba matumbawe kwa eneo kubwa mpaka karibu na usawa wa maji. Palipochimbwa zaidi, maji yalijitokeza yenyewe kuwa madimbwi. Tangu mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kuyapanda miti machimbo yaliyoachwa, na mti uliofaulu kwanza ulikuwa mvinje, kwa sababu huvumilia maji yenye chumvi chumvi. Basi mtu asimamaye penye machimbo yale huona kwa macho kile ambacho mwenye nyumba wa Mjambere hakioni: mwamba, na chini kidogo, maji, na maji hayo hayako mbali na bahari.

Hapo ndipo penye siri ya kwanza. Maji matamu ya mvua ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Kwa hiyo katika nchi ya pwani maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi. Mholanzi mmoja, Badon Ghyben, na Mjerumani mmoja, Herzberg, walieleza kanuni ya jambo hili kabla na baada kidogo ya mwaka 1900. Kanuni yenyewe yasema hivi: kwa kila futi 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kadiri ya futi 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hii ni neema kubwa. Lakini hesabu hiyo hiyo hurudi kinyume. Watu wakichota hata usawa wa maji ukashuka futi 1, maji ya chumvi chini yake huelekea kupanda futi 40. Ndiyo maana kisima chaweza kuonekana bado kimejaa, na kumbe kimekwisha haribika kwa chini.

Maji yanavyoibeba ardhi

Siri ya pili ni ngumu kidogo kuelewa, lakini mtu wa pwani ana mfano wake tayari. Jahazi likiwa limeelea, hubebwa na maji kila upande, nalo hukaa sawa hata kama limejaa shehena. Bahari ikipwa jahazi likapwelewa, uzito ule ule, usioongezeka hata ratili moja, huangukia mkuku na mbao. Na nahodha asipolitegemeza kwa magogo, hulala ubavu. Shehena haikubadilika, kilichoondoka ni maji yaliyokuwa yakilibeba.

Ndivyo ilivyo ardhini. Maji yaliyojaa kati ya chembe za udongo husaidia kuuchukua uzito ulio juu yake. Maji yakiondolewa, chembe zenyewe hulazimika kuuchukua, nazo hubanana. Katika mchanga kubanana huko ni kidogo. Katika udongo wa mfinyanzi ni kukubwa sana, na hapo mfano wake ni godoro la sufi. Godoro jipya limevimba. Likilaliwa miaka mingi hubanana likawa jembamba, na hata mwenyewe akihama kitanda, godoro halivimbi tena. Udongo wa mfinyanzi ukibanana vivyo hivyo, mvua ya miaka 100 haiwezi kuuinua.

Katika mwamba wenye mapango jambo huwa kwa njia nyingine. Maji yaliyojaa pangoni husaidia kushikilia dari yake na udongo uliokaa katika nyufa. Usawa wa maji ukishuka, pango hubaki tupu. Maji ya juu, ya mvua au ya bomba linalovuja, huuchukua udongo kidogo kidogo na kuutia ndani ya utupu ule. Juu hakuonekani kitu. Nyasi huota, watoto hucheza, mpaka siku moja ganda la juu linakuwa jembamba mno, na shimo hufunguka mara moja.

Yaliyowapata wengine

Haya si maneno ya kutisha watu. Yametokea, na miaka yake yajulikana.

Mji wa Mexico umejengwa juu ya ziwa la kale, penye udongo laini wa mfinyanzi. Kwa kuwa wakazi wake walichota maji kwa wingi kutoka chini, mji ulianza kushuka. Mwaka 1925 mhandisi Roberto Gayol alitoa habari ya kushuka huko, na mwaka 1947 Nabor Carrillo alionyesha kwamba sababu ilikuwa kuchotwa kwa maji. Katika sehemu nyingine za mji ule ardhi imeshuka mita kadhaa. Mnara wao wa Uhuru, uliojengwa mwaka 1910 juu ya nguzo ndefu zilizopigwa chini sana, haukushuka pamoja na barabara. Ikawa lazima kuongeza ngazi chini yake, moja baada ya moja, ili watu waweze kuufikia.

Katika Afrika ya Kusini, upande wa magharibi wa Johannesburg, makampuni ya dhahabu yalipiga pampu ili kuyatoa maji yaliyokuwa yakiingia migodini. Mwamba wa juu ulikuwa wa jamaa ya chokaa, wenye mapango. Mnamo Desemba 1962, katika mgodi wa West Driefontein, shimo lilifunguka ghafula likameza jengo zima la kuvunjia mawe, na watu 29 wakafa. Ni kweli kwamba pampu za migodi haziwezi kulinganishwa na ndoo ya mama wa Mjambere. Lakini kanuni ni ile ile: pango lililozoea kujaa maji si pango lile lile likiwa tupu.

Jakarta, katika Indonesia, ni mji wa pwani uliofanana na Mombasa kwa jambo moja: mabomba hayakuwafikia watu wote, nao wakachimba, wenye nyumba, wenye hoteli na wenye viwanda. Leo sehemu kubwa ya kaskazini ya mji ule iko chini ya usawa wa bahari, na watu huishi nyuma ya ukuta.

Lakini kuna mfano mwema pia. Tokyo, katika Japani, ilikuwa na mtaa ulioshuka zaidi ya mita 4 katika karne iliyopita. Mwaka 1956 Wajapani walitunga sheria ya kuvizuia viwanda visichote maji ya chini, na mwaka 1962 wakatunga nyingine kwa ajili ya majumba makubwa. Hawakuzuia tu, walileta maji ya mito kwa mabomba ili viwanda visife. Katika miaka ya 1970 kushuka kulipungua sana. Ardhi iliyokwisha shuka haikupanda, lakini iliyobaki iliokolewa. Mafunzo yake ni mawili: ya kwamba jambo hili laweza kuzuiliwa, na ya kwamba haliwezi kuzuiliwa kwa kumwambia mtu “usichote” bila kumwonyesha maji mengine.

Hali ya Mjambere

Basi, je, Mjambere itashuka kama Mexico? La. Mwamba wa matumbawe si udongo wa ziwa, na si haki kumtia mtu hofu ambayo haina msingi. Hatari ya mahali penye mchanga na matumbawe kando ya bahari ni nyingine, nayo ina sura tatu.

Ya kwanza ni chumvi, kama ilivyoelezwa. Hii ndiyo mlinzi wa mlango. Kisima kinapobadilika ladha, kinapiga kelele kwamba usawa wa maji unashuka kupita kiasi. Na watu wakiisikia kelele hiyo mapema, hawatafika penye hatari nyingine.

Ya pili ni uchafu. Uchunguzi uliofanywa katika Kisauni na kutangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba visima vingi vilikuwa vimeingiwa na uchafu wa vyoo. Mwamba wenye nyufa hauchuji maji kama mchanga mzuri unavyochuja, hupitisha. Na pampu kubwa ikivuta kwa nguvu, huvuta kila kilicho jirani, hata kilichomo katika choo cha shimo.

Ya tatu ni utupu. Penye nyufa na mapango, penye visima vya kale vilivyofunikwa kwa mabati tu, penye mashimo ya vyoo yaliyojazwa takataka kisha yakajengwa juu, ardhi si nzima kama ionekanavyo. Maji yakishuka chini, na maji mengine ya bomba bovu au ya mlizamu yakimwagika juu mahali pale pale kila siku, mchanga hupata njia ya kuteremka. Nyumba ya ghorofa nne ikiwekwa hapo, mwenyewe ameweka mali yake yote juu ya kitu asichokijua.

Mfano wa majirani wawili

Tuseme kuna majirani wawili, Mama Fulani na Bwana Fulani. Mama ana kisima cha ndoo alichoachiwa na marehemu mumewe. Bwana Fulani amejenga nyumba ya vyumba ishirini, akachimba kisima kirefu kwa mashine, na pampu yake hulia mchana na usiku, naye huuza maji kwa maboza. Siku moja mama akapiga hodi.

“Karibu, mama. Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa habari ya kisima. Zamani kamba yangu ilikuwa pima tatu. Sasa nimeunga hata imekuwa nne, na ndoo yaja na mchanga.”

“Pole, mama. Lakini mimi nimechimba katika kiwanja changu, kwa fedha yangu. Maji ni bahati ya mtu.”

“Ndiyo, mwanangu. Lakini sinia ni moja.”

Bwana Fulani hakuelewa. Miezi michache baadaye wapangaji wake wakaanza kulalamika kwamba sabuni haitoi povu na chai ina chumvi. Mifereji ikashika kutu, na mwenye boza hakurudi tena. Akamtuma mtoto wake kwa Mama Fulani na mtungi, kuomba maji ya kunywa. Mtoto akarudi na mtungi mtupu, akasema, “Baba, bibi asema maji yake nayo yana chumvi tangu juzi.” Ndipo Bwana Fulani alipofahamu maana ya sinia. Watu wakila pamoja katika sinia moja, mwenye mkono mkubwa humaliza kwanza upande wake, kisha huingia upande wa wenziwe. Lakini wali ukiisha, umewaishia wote.

Mambo yapasayo kufanywa

Kwanza, kupima. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye kisima na awe na kamba yenye alama na kitu kizito mwishoni, na mara moja kwa juma aandike katika daftari umbali wa kutoka ukingo wa kisima hadi penye maji. Na apime asubuhi kabla ya kuchota, na aandike kama bahari imejaa au imekupwa, kwa sababu visima vilivyo karibu na bahari hupanda na kushuka pamoja nayo. Aandike pia ladha. Daftari la mwaka mmoja litamwonyesha masika na vuli. Daftari la miaka mitatu litamwonyesha kama akiba inarudi au inakwisha.

Pili, kuchota polepole. Maji yale yale yakitolewa kwa saa kumi na mbili kwa pampu ndogo, hayaleti madhara kama yakitolewa kwa saa mbili kwa pampu kubwa. Kwa maana pampu kubwa huvuta chumvi kutoka chini moja kwa moja. Vilevile haifai visima viwili virefu kuchimbwa bega kwa bega. Afadhali nyumba tano zitumie kisima kimoja kilichopimwa vizuri kuliko kila nyumba kuwa na chake.

Tatu, kuzitunza mvua. Mombasa hupata kadiri ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi zake hutiririka mpaka baharini bila kumfaa mtu. Paa la mabati lenye mita 10 kwa mita 6 hupokea lita 60,000 kwa mwaka. Hata theluthi moja ikipotea, hubaki lita 40,000, yaani mitungi 2,000 ya lita 20. Mlizamu mmoja na tangi moja si gharama kubwa ukilinganisha na bei ya mitungi hiyo kwa mchukuzi wa mkokoteni. Na kila mtungi unaotoka paani ni mtungi mmoja uliobaki chini ya nyumba.

Nne, kuirudishia ardhi maji safi. Mvua ikizidi tangi, isimwagwe penye msingi wala barabarani. Ipelekwe penye shimo lililojazwa mawe na mchanga, mbali na nyumba na mbali na choo, ili inywewe na ardhi. Lakini hapa pana onyo kubwa. Maji ya chooni, ya kufulia na ya mitaroni yasipelekwe kamwe katika kisima cha zamani. Mtu afanyaye hivyo hajazi akiba, anaitia sumu. Choo cha shimo na kikae umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisima, na katika matumbawe hata umbali huo si dhamana, kwa hiyo maji ya kunywa na yachemshwe au yatiwe dawa.

Tano, kuziba mashimo ya kale. Kisima kilichoachwa kisifunikwe kwa ubao au bati. Kijazwe mawe safi na mchanga hadi juu, kishindiliwe, kisha kizibwe kwa zege, na mahali pake paandikwe, ili mjukuu asije akajenga juu yake bila kujua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sita, kutazama dalili. Ufa unaopanda ukutani kama ngazi. Mlango uliokuwa ukifungika vizuri na sasa unagoma. Sakafu inayolia utupu ikigongwa. Ardhi iliyoshuka pembeni mwa kisima hata ukingo ukabaki juu peke yake. Dimbwi linalopotea ghafula. Dalili moja yaweza kuwa na sababu nyingine, kama saruji mbaya au mzizi wa mti. Dalili mbili au tatu pamoja ni haki ziangaliwe na fundi ajuaye. Shimo likifunguka, watoto waondolewe, mahali pazungushiwe uzio, pampu za karibu zizimwe, na habari ipelekwe kwa chifu na kwa watu wa Kaunti siku ile ile. Lisitupiwe takataka, kwani takataka za leo ni maji ya kunywa ya kesho.

Sheria na chama

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yasema kwamba maji yote ya nchi yamewekwa mikononi mwa Serikali ya taifa kwa amana ya wananchi wa Kenya. Kwa hiyo neno la Bwana Fulani, “kiwanja changu, maji yangu,” halisimami. Kiwanja chaweza kuwa chake. Maji ni amana. Atakaye kuchimba kisima kirefu cha mashine hapana budi apate kwanza kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Sheria hiyo hiyo huwaruhusu wananchi kuunda vyama vya watumiaji wa maji, ili waitunze akiba yao pamoja na kusuluhisha magomvi kabla hayajafika mahakamani. Chama cha namna hiyo hakihitaji ofisi ya fahari. Chahitaji orodha ya visima vya mtaa, madaftari ya vipimo, mkutano wa kila mwezi, na watu ambao majirani huwaamini.

Lakini sheria peke yake haipimi maji. Nairobi ni mfano. Eneo lake liliwekwa chini ya hifadhi ya maji ya chini katika miaka ya 1950, na hata hivyo visima viliendelea kuongezeka, na usawa wa maji ukashuka kwa makumi ya mita. Maandishi yalikuwako, macho ya kutazama hayakutosha. Kwa hiyo wajibu uko pande mbili. Wananchi wana wajibu wa kupima, kugawana na kutochafua. Wenye mamlaka nao wana wajibu wa kuleta maji ya mfereji kwa saa zinazojulikana, kuwakagua wenye pampu kubwa kabla ya wenye ndoo, na kuwaonyesha watu waziwazi ni vibali vingapi vimetolewa katika mtaa wao. Katiba ya mwaka 2010 imempa kila mtu haki ya kupata maji safi ya kutosha. Na mwananchi akiidai haki hiyo hafanyi utovu wa adabu.

Neno la mwisho

Bandu bandu huisha gogo. Hakuna ndoo moja itakayoangusha nyumba ya Mjambere, wala hakuna pampu moja itakayotia chumvi Kisauni nzima. Ndiyo maana ni rahisi kwa kila mtu kujiona hana hatia. Lakini gogo halikuuliza ni ubandu upi uliolimaliza.

Vilevile hakuna mtu mmoja awezaye kuiokoa akiba hiyo peke yake. Mama Fulani akipima na Bwana Fulani asipime, vipimo vya mama havimfai kitu. Wakipima wote wawili, na jirani wa tatu na wa nne, basi mtaa utakuwa na kitu ambacho miji mikubwa ya dunia ilikikosa ilipokihitaji: habari ya mapema. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Huanza kwa kamba yenye alama, kalamu, na daftari la mtoto wa shule, asubuhi na mapema, kabla ndoo ya kwanza haijateremshwa kisimani.